Kamati ya harusi Dodoma inaomba mvua ikome mwezi wa pili! Na bibi mnamkataza kumgusa mjukuu wake!

Mbukwenyi wakuu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha, kwa hiyo wale wa "punguza jazba mkuu" piteni tu.

Hivi nani aliyezipa kamati za harusi za hapa Dodoma mamlaka ya kuamua ipi ni baraka na upi ni ushamba? Mnakaa vikao kila Jumapili, nyama choma na soda vinakatwa kwenye michango yetu, mnabishana wiki nzima kuhusu rangi ya vitambaa vya meza, halafu neno la wazee mnaliandikia dakika tatu, katikati ya keki na shampeni. Na MC akichelewa, hizo tatu ndizo anazoanza kuzikata.

Kisa ni hiki. Mwanzoni mwa mwezi wa pili, kabla ya Kwaresma, tulimwoza binti wa kaka yangu. Mimi ni baba yake mdogo. Mama yangu mzazi, yaani bibi yake, alitoka kijijini upande wa Mvumi akiwa na kibuyu kidogo cha samli na shanga alizovaa siku yake mwenyewe. Kwenye ukoo wetu binti hatoki nyumbani hivi hivi. Bibi anampaka mafuta utosini na viganjani, anamnenea maneno, uzae, ulishe watu, mlango wako usikose mgeni, kisha mjomba wake naye anatia neno lake. Shughuli yote ni robo saa. Dada zangu wote walitoka hivyo. Na kabla hamjakimbilia kuniambia mambo ya dini, mchungaji tulimwuliza mapema. Ni mtoto wa huku huku, akasema bibi kumbariki mjukuu wake nyumbani kabla ya ibada hakuna tatizo lolote.

Asubuhi ya harusi binti hayupo nyumbani.

Yuko hotelini tangu jana yake, yeye, matroni na mpambaji. Kisa? Eti bwana harusi akimwona kabla ya kanisani ni mkosi. Mkosi wa nani jamani? Picha za kabla ya harusi walizipiga wote wawili, wamekumbatiana kwenye miamba kule mlimani, zikawekwa hadi kwenye kadi. Huo haukuwa mkosi. Mkosi ni siku ambayo bibi amekaa kwenye mkeka tangu alfajiri na kibuyu chake, anauliza kila gari linalopita kama ndilo lenye mtoto.

Huyo mpambaji sasa ndiye aliyenimaliza. Ana kifurushi anachokiuza, cha "bahati ya biharusi". Ni ule utaratibu wa Waingereza wa tangu karne ya 19: kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima, kitu cha bluu, na sikspensi ndani ya kiatu. Sina ugomvi na Waingereza, kila watu na mila zao. Lakini sikspensi yenyewe kwao iliacha kutumika mwaka 1980! Mpambaji wetu kaweka sarafu ya shilingi mia mbili, mtoto wa watu kachechemea nayo kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni. Kitu cha zamani ni bruchi aliyoitoa kwenye boksi lake, ambayo wiki ijayo atamvalisha mwingine. Kitu cha kuazima nacho mnakitafutia nini? Gauni zima ni la kukodi, suti ya bwana harusi ya kukodi, Jumatatu vyote vinarudishwa dukani! Na ukitaka kitu cha zamani, shanga za bibi zina umri kuliko kila mtu kwenye ile kamati. Zilikuwepo, bure kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa.

Haya, nikajipa moyo kwamba tutamalizia ukumbini. Ilikuwa gadeni moja upande wa Ilazo, sitaitaja. Nikamwomba mwenyekiti wa kamati, akamwambia MC, MC akakubali kwa kuvuta. Mama akanyanyuliwa, akashikwa mkono hadi meza kuu, akafungua kibuyu, akachovya vidole. Kabla hajafika kichwani, dada wa mekapu karuka kutoka pembeni: "Bibi, bibi, samahani, usimguse, hiyo mekapu ni ya laki mbili, mafuta yataibomoa." Akamshika mkono. Mama yangu. Mkono ukabaki hewani unachuruzika samli. MC akaona watu wamenyamaza, akapaza sauti, "Haya vigelegele kwa bibi yetu jamaniii!" DJ akapandisha muziki. Mama akajipangusa vidole kwenye khanga yake, akarudi kukaa.

Binti mwenyewe alikuwa analia, na hata kulia akaambiwa asilie, wanja utamwagika.

Huyo mjomba sijamzungumzia. Wanaojua taratibu za Wagogo wanajua mjomba, kaka wa mama, ana fungu lake kwenye ng'ombe wa mahari, na anakuwa na fungu kwa sababu ana neno. Kamati imempa kadi ya single. Mabosi wa ofisi ya bwana harusi, watu ambao hata jina la binti hawalijui, double, meza ya mbele. Mjomba kamwacha mkewe nyumbani, kaja peke yake, kakaa karibu na jenereta.

Sasa njooni kwenye mvua, maana hapa ndipo niliposimama nikataka kuondoka.

Kwenye saa kumi na mbili hivi wingu likajikusanya upande wa Chamwino. Kila mwenye shamba pale alikuwa analitazama lile wingu, nimewaona kwa macho yangu, watu wameacha hata kuzungumza. Dodoma tunapata msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima ukibahatika. Na mwezi wa pili ndipo mvua huwa na tabia ya kukata wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kwa wiki kadhaa majani yalikuwa yamejikunja, uwele ndio ulikuwa unavumilia vumilia. Tangu nazaliwa nasikia wazee wakisema harusi ikinyeshewa basi ndoa imepokelewa, na hapa kwetu kauli hiyo haihitaji maelezo.

MC anashika kipaza sauti: "Wapendwa, naomba tusimame, tuungane kwa maombi, mvua isije ikatuharibia siku yetu."

Na wakasimama! Watu wa Bahi, watu wa Kongwa, watu wenye mashamba Hombolo, wamefumba macho wanaomba mvua iondoke Dodoma mwezi wa pili. Mzee mmoja wa Kihehe, mtani wetu, akapiga kelele kutoka nyuma, "MC, ukimaliza hilo omba na ng'ombe wao wafe!" Ndiye mtu pekee aliyeongea la maana jioni ile. Waingereza wana msemo wao kwamba heri biharusi aliyeangaziwa na jua. Sawa, kwao mvua wanayo mpaka wameichoka. Wewe unayenunua dumu la maji kwa mwenye mkokoteni unaazima vipi hofu ya mtu wa London?

Yakadondoka matone machache, vumbi likanuka, wingu likapita. MC akatoa ushuhuda, makofi yakapigwa.

Najua wanasheria wa humu mtakuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba ndoa haibatiliki kwa kutofuata mila za mahari na zawadi. Ni kweli, na ni sheria nzuri. Lakini mbona sijaona kamati yoyote iliyokata mahari? Mahari ipo, tena inapigiwa hesabu kwa bei ya mnada wa Msalato. Mkaja wa mama upo. Blanketi la bibi lipo kwenye orodha kila posa, ila siku hizi ni bahasha, na bahasha hiyo mama yangu hajawahi kuishika, wakati Juni na Julai baridi ya usiku huku inaingia hadi kwenye mifupa. Mila yenye pesa haifi. Inayokufa ni ile ya mikono mitupu na maneno.

Na msinisingizie kwamba nataka turudi porini. Ukeketaji wa watoto wa kike ni kosa la jinai tangu 1998 na anayeufanya akamatwe leo, sina huruma naye hata kama ni shangazi yangu. Kuozesha mtoto wa shule, vivyo hivyo. Ila samli utosini ilimdhuru nani?

Wala msiseme ni wageni waliotuletea haya tangu serikali ihamie. Wachagga wamekuja na ndafu yao, mbuzi mzima anaingia ukumbini kwa mbwembwe na majani mdomoni, na leo harusi ya Kigogo bila ndafu kamati inaona aibu. Hawakuificha, hawakuikatia dakika tatu. Ni sisi wenyeji tunaoona haya na vyetu, halafu mgeni akituuliza ngoma ya muheme iko wapi tunamwonyesha video.

Mwezi wa sita kuna harusi nyingine ya ukoo, mtoto wa dada yangu, na mwenyekiti wa kamati ni yule yule. Najua unasoma humu, bwana mkubwa. Nimeahidi beberu wa ndafu na laki tatu. Beberu yuko zizini, laki tatu ziko kwenye simu, na hakuna kinachotoka mpaka nione ratiba imeandikwa kwa maandishi: asubuhi, nyumbani, bibi kwanza, halafu mjomba, ndipo huyo wa mekapu. Na mjomba apewe kadi ya double.

Haya, leteni mapovu yenu.