Mwanzele kwa sauti nne: tunaitunza au tunaizika?

Mrabai wa Kisauni: Jumapili kwaya ya parokia yetu imeimba Mwanzele, wimbo wetu Warabai, wakati wa matoleo. Soprano, alto, tena, besi, kila mtu na karatasi ya solfa, ile ya noti za do-re-mi, mkononi. Wimbo ule niliukuta matangani kwa bibi, Rabai. Mmoja anatoa, wengine wanaitikia kabla hajamaliza, na maneno yanamhusu marehemu wa siku ile. Kwenye karatasi kiitikio kinasubiri mpaka mtoaji anyamaze. Naomba tuulizane kwa dhati, hapo tumetunza nini? Na kayamba ilitikiswa kama mtu anapeta mchele.

Kayamba wa Jomvu: Aliyeshika kayamba ni mimi. Nilifundishwa na marehemu babu, Kaloleni, tangu darasa la pili. Mbegu zinateleza upande hadi upande, vidole gumba vinagonga matete. Ndivyo nilivyofanya. Wewe ulikaa wapi ukaona mchele?

Mrabai wa Kisauni: Sikusema hujui. Haikusikika.

Kayamba wa Jomvu: Umesema kupeta. Mamangu anasoma humu.

Alto Changamwe: Haikusikika kwa sababu kinanda kilimeza kila kitu. Lakini kaka Mrabai, wimbo wa taifa wa Kenya nao ulitoka kwa Wagiriama ukapangwa upya. Mbona hakuna aliyelia?

Mwana wa Tana: Wapokomo, dada! Wapokomo! Kila siku mwatunyang'anya. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto, aliutoa Mzee Meza Galana, na kamati ya 1963 iliyokuwa na mwanamuziki Graham Hyslop ikaupanga. Mama aliniimbia. Unaimbwa chini chini, mtoto begani, mwendo unapungua kadiri anavyolegea. Leo unapigwa kwa tarumbeta, watu wamesimama wima.

Alto Changamwe: Samahani, Wapokomo. Ila ukiusikia uwanjani si unajivunia?

Mwana wa Tana: Machozi hunitoka. Lakini mwanangu mwenyewe hajui kama ni wa kulalia. Akiusikia, anaruka kitandani asimame.

Mwalimu Mstaafu, Tudor: Wanangu, kwaya si adui. Misa Luba, misa ya kuimbwa na kwaya, iliimbwa Kongo mwaka 1958, Kilatini juu ya ngoma, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungulia muziki wa kienyeji mlango wa kanisa, haujaanza. Baadaye kwaya ya Muungano ya Boniface Mghanga, Mtaita jirani yetu, ikairekodi. Mimi kinachoniuma ni tuni za Ulaya kubebeshwa Kiswahili. Mungu, uzito uko kwenye "Mu". Tuni inakuja kutua na kuvuta kwenye "ngu", Mu-nguuu, na nimewafundisha watoto hivyo miaka yangu yote ya kazi, sikio likazoea kosa. Mwanzele haimkosei mtu namna hiyo, maana tuni yake imezaliwa na maneno.

Kayamba wa Jomvu: Shikamoo mwalimu. Bado sijaombwa radhi.

Mrabai wa Kisauni: Niwie radhi, ndugu yangu. La mchele nimelifuta. Nilikuwa na uchungu, bibi tumemzika Februari na wimbo huo huo. Lakini nijibu, kiitikio mlikisubirisha kwa nini?

Kayamba wa Jomvu: Pole sana kwa bibi. Kilisubiri kwa sababu wanaojua kudakia ni mimi na akina mama wawili. Wengine hawajawahi kuusikia mahali ila kwenye mazoezi, na bila karatasi hawaingii. Alhamisi saa kumi na mbili jioni njoo utoe wewe. Karatasi nitazikusanya.

Mrabai wa Kisauni: Nitakuja.

Besi Mkamba: Mimi ni mmoja wa hao wa karatasi. Mwaka wa tano naimba hapo, na hakuna aliyewahi kutuambia kuwa ni wimbo wa matanga. Mwezi wa nane tuliuimba harusini, bibi harusi akiingia.

Mrabai wa Kisauni: Harusi ya nani?