Miguu ya Bibi

Shangazi Mwajuma: Wanangu, bibi yenu leo ameshindwa tena kuinuka kitini bila kushikwa. Hana homa, hana maumivu. Anasema tu miguu haina nguvu.

Salim: Shikamoo shangazi, pole sana. Ni uzee, ana miaka 81. Tumnunulie kiti cha magurudumu apumzike.

Neema: Shikamoo shangazi. Salim, kiti kisubiri kwanza. Huo "uzee tu" ndio tunaosoma chuoni muhula huu. Unaitwa sakopenia, jina alilolitoa Irwin Rosenberg wa Marekani mwaka 1989. Msuli unapungua polepole, lakini nguvu zinapungua haraka kuliko unene wake.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Hapo ndipo ninaposhangaa. Mguu una nyama bado, nguvu zimekwenda wapi?

Neema: Ndani ya seli ya msuli kuna vifuko vya kalsiamu. Ukitaka kusimama, neva inaleta amri, milango ya vifuko inafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikunja. Kisha inarudishwa ndani. Uzeeni mitokondria, zile zinazozalisha nishati, zimechakaa. Zinatoa molekuli kali za oksijeni nyingi kuliko seli inavyoweza kuzizima, na molekuli hizo zinaharibu ile milango. Kwa panya wazee ilionekana mwaka 2011: kalsiamu inavuja hata msuli ukiwa umetulia. Amri ikifika, ya kumwaga imebaki kidogo. Na ile iliyovuja inazidi kuzichakaza mitokondria.

Idi: Kama mtungi wenye ufa. Umeujaza jioni, asubuhi maji nusu.

Neema: Ndivyo kaka.

Salim: Basi tumpe vidonge vya vitamini C na E vizime hizo molekuli.

Neema: Hata mimi niliwaza hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wa kiume vidonge hivyo kwa wingi huku wakifanya mazoezi. Wenzao wasiovimeza, miili yao ilianza kuitikia vizuri zaidi insulini, ile homoni ya kudhibiti sukari mwilini; waliovimeza hawakupata nafuu hiyo. Mkazo mdogo wa molekuli hizo wakati wa mazoezi ndio unaoiamsha seli ijijengee kinga.

Shangazi Mwajuma: Na mimi namfanyia kila kitu. Hata maji namwekea mkononi, asinyanyuke.

Neema: Umefanya kwa mapenzi shangazi, hakuna wa kukulaumu. Ila kukaa ndiko kunakommaliza. Wazee wenye afya nzuri walilazwa siku 10 kwa ajili ya utafiti, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Halafu sikieni hili. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee 10 dhaifu, umri kama miaka 90. Tisa walimaliza wiki 8, nguvu zao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174.

Salim: Miaka 90??

Neema: Tisini! Lakini aanze kwa daktari. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini D, hata baadhi ya dawa za kolesteroli huleta udhaifu kama huu. Akiruhusiwa, ni kuinuka na kukaa tu, kashika meza, mara chache kwa siku. Na protini isikosekane kwenye mlo wake.

Salim: Kiti nimeacha. Jumamosi nakuja nisimame naye.

Shangazi Mwajuma: Nimemsomea yote. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Anauliza, je, akiruhusiwa, lazima angoje Jumamosi?