Jeshi la Marekani huhesabu shahada za madaktari pale tu linapotaka. Miaka yetu ya masomo inadhulumiwa

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni daktari ninayetumikia jeshi la Marekani. Nina shahada ya udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu katika epidemiolojia, na ninajua humu wamo wenzetu ambao tayari wako jeshini, au wanafikiria kujiunga, wakiwa na vyeti vya namna hiyo. Nasema wazi kwamba jeshi hilo huihesabu miaka yetu ya masomo pale hesabu inapolifaa lenyewe, na inapofika zamu ya kutufaa sisi, miaka ileile inakuwa haipo.

Niianze na sheria, kwa sababu wengi huwalaumu maofisa wa kuandikisha ilhali tatizo limeandikwa na Bunge. Kifungu cha 533 katika Kitabu cha 10 cha sheria za Marekani kinaeleza kwamba mtu anayeteuliwa kuwa ofisa katika kada inayohitaji elimu ya juu zaidi ya shahada ya kwanza hupewa mwaka mmoja wa utumishi kwa kila mwaka wa masomo hayo, ingawa hakuwa amevaa sare. Ndiyo maana daktari aliyemaliza miaka 4 ya chuo cha tiba haanzi na uluteni bali anaingia na cheo cha kapteni. Kwa utarajali anaweza kuongezewa muda usiozidi mwaka mmoja, na kwa kila mwaka wa mafunzo ya ubingwa ambao jeshi linauhitaji anaweza kuongezewa tena usiozidi mmoja. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye maneno machache yaliyotiwa mabanoni. Sheria hiyohiyo inasema kwamba elimu ya ziada, yaani ile inayozidi sifa za msingi za kuteuliwa, itahesabiwa kwa mtu wa fani ya afya iwapo jeshi litaitumia elimu hiyo moja kwa moja, kisha mabanoni ikazitoa fani mbili: tiba na tiba ya meno. Rudieni kulisoma hilo taratibu. Muuguzi mwenye uzamivu amefunguliwa mlango kwa maandishi, na mfamasia na mwanasaikolojia vilevile. Daktari mwenye uzamivu uleule, pengine kutoka idara ileile ya chuo kilekile na chini ya msimamizi yuleyule, amefungiwa. Yeye anaelekezwa kwenye aya nyingine inayozungumzia mafunzo au uzoefu maalumu katika fani ambazo jeshi lenyewe limeziteua, au ile inayohusu uzoefu wa kazi ya udaktari, na zote mbili zinamwacha mikononi mwa ofisa atakayeamua kama alichonacho kinatosha kuhesabiwa. Siwaonei wivu wauguzi hata kidogo, maana walichopewa ni haki yao. Ninachokataa ni kwamba elimu iliyo sawa ipimwe kwa mizani mbili kwa sababu tu aliyeisomea ni daktari.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakigundui mpaka wamekwisha kutia saini. Miaka inayohesabiwa kwa shahada yoyote haiwezi kuzidi ile inayotakiwa na vyuo vilivyo vingi vinavyotoa shahada hiyo. Maana yake ni kwamba aliyesoma programu ndefu inayounganisha tiba na uzamivu haji na miaka yake yote jinsi alivyoitumia. Kwa tiba anahesabiwa kile ambacho vyuo vingi vinadai, na miaka ya maabara na ya kuandika tasnifu inabaki kwenye ile sehemu ya kuomba na kubembeleza. Na kwa kuwa muda mmoja hauruhusiwi kuhesabiwa mara mbili, pale ambapo masomo mawili yamepishana hata kidogo, mwenye kalamu huchagua ni upande upi wa kukata.

Hilo la kukata nimeliona kwa macho yangu. Karatasi yangu ya hesabu ilikuwa na safu ya tarehe za kuanza, safu ya tarehe za kumaliza, na safu ya mwisho ya muda uliokubaliwa. Kwenye mstari wa udaktari wa tiba kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye mstari wa uzamivu tarehe zote mbili zilijazwa vizuri, lakini katika safu ya mwisho paliandikwa sifuri, na pembeni maelezo mafupi kwamba nafasi niliyoteuliwa haihitaji shahada hiyo. Haikutajwa kanuni wala kifungu. Niliyakubali maandishi hayo kwa kuwa sikuwa na la kufanya wakati ule, nikaripoti kazini, na jukumu la kwanza nililokabidhiwa likawa kufuatilia mwenendo wa magonjwa ya kuambukiza kwa askari waliokuwa wakijiandaa kwenda nje ya nchi: kukusanya takwimu, kuchora mkondo wa maambukizi, kuwaandikia makamanda mapendekezo. Hiyo ni epidemiolojia tupu. Shahada iliyoelezwa kuwa haihitajiki ndiyo ninayoitumia kila siku ya kazi, na mpaka leo ile sifuri haijarekebishwa.

Tuseme basi kwamba mtu amebahatika na miaka yake yote imekubaliwa. Amepata nini? Sheria inasema miaka hiyo itatumika kwa mambo matatu tu: cheo cha kuanzia, nafasi yake ya ukubwa miongoni mwa wenye cheo hicho, na muda wa kukaa katika cheo kabla ya kupandishwa. Haiingii katika mshahara wa msingi, na haiingii katika pensheni. Jedwali la mishahara ya jeshi hupanga vyeo upande mmoja na miaka ya utumishi upande mwingine, kuanzia chini ya miaka 2, kisha zaidi ya 2, zaidi ya 3, zaidi ya 4, na kuendelea. Kapteni aliyeanzia uluteni akafikia cheo hicho kwa miaka 4 analipwa kwenye safu ya miaka yake minne. Bingwa wa upasuaji aliyejisomesha tiba miaka 4, akafunzwa upasuaji miaka mingine 5, akaingia jeshini akiwa na miaka 9 kwenye karatasi, analipwa mshahara wa msingi wa safu ya chini ya miaka 2, safu ileile ya mtu aliyemaliza shahada ya kwanza juzi.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kabla ya tarehe 15 Septemba 1981, ofisa daktari aliongezewa miaka 4 katika hesabu ya mshahara wa msingi kwa ajili ya chuo cha tiba, na mwaka mmoja kwa ajili ya utarajali. Sheria ya usimamizi wa maofisa iliyopitishwa mwaka 1980, inayofahamika kwa kifupi kama DOPMA, ndiyo iliyowaondolea haki hiyo wote waliokuja baadaye, ikawaachia waliokwisha kuwa nayo. Kwa hiyo anayesema jambo hili haliwezekani, au kwamba litavuruga mfumo mzima wa malipo, ajue kwamba liliwahi kufanyika na majeshi hayakuanguka.

Kwenye pensheni ndiko dhuluma inakouma zaidi. Pensheni ya kawaida inahitaji miaka 20 ya utumishi. Waliosomeshwa tiba kwa ufadhili wa jeshi, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, hawahesabiwi miaka ya chuo ingawa tayari wanakuwa maofisa wa akiba wakati wanasoma. Waliojisomesha kwa mikopo yao wenyewe nao hawahesabiwi. Mtu anayemaliza ubingwa akiwa na miaka 33 atazifikia 20 akiwa na miaka 53, na aliyeongeza uzamivu katikati atachelewa zaidi, kwa kadiri ya muda aliouwekeza katika elimu ambayo jeshi linaitumia. Na msiniambie kwamba watunga sheria hawajui kuwa madaktari huingia wakiwa wamechelewa. Wanajua vizuri, kwa sababu umri wa lazima wa kustaafu kwa maofisa ni miaka 62, lakini kwa maofisa wa fani za afya wameruhusu usogezwe hadi 68. Kuchelewa kwetu kumetambuliwa pale linapokuja suala la kuendelea kututumia. Katika kuhesabiwa, kimya.

Najua jibu litakalokuja, kwamba madaktari wanalipwa posho maalumu na bonasi za kubaki kazini. Ni kweli zipo, na ipo pia nyongeza kwa mwenye cheti cha bodi ya ubingwa. Lakini pensheni hupigiwa hesabu kwa mshahara wa msingi peke yake, kwa asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi katika mfumo wa zamani na asilimia 2 katika mfumo mpya ulioanza mwaka 2018. Posho zote hizo siku ya kustaafu zinabaki mlangoni. Tena posho hufuata ubingwa. Shahada ya uzamili katika afya ya jamii au uzamivu katika sayansi hauna posho yake.

Mwaka 2018 Bunge lilikifungua tena kifungu cha 533 na kuruhusu miaka ya nyongeza imfikishe mtu hadi cheo cha kanali, pale ambapo awali kwa kawaida ukomo ulikuwa umeja. Mwaka huohuo ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilitoa ripoti kuhusu upungufu wa madaktari katika baadhi ya fani za ubingwa jeshini. Walikuwa na kifungu mezani na upungufu mbele ya macho yao, na bado mshahara na pensheni havikuguswa. Wakapandisha dari ya vyeo.

Madai yangu ni haya. Fani ya tiba na ya meno zitolewe kwenye mabano yale, ili elimu ya ziada ya daktari ipimwe kwa kigezo kilekile cha kutumika moja kwa moja. Miaka ya chuo cha tiba na utarajali irudishwe katika hesabu ya mshahara wa msingi kama ilivyokuwa kabla ya 1981. Na kila ofisi inayokata miaka ya mtu ilazimike kuandika kifungu ilichokitumia, si maelezo ya pembeni yasiyo na sahihi.

Mimi napeleka shauri langu kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi kwa kutumia fomu DD 149. Walioandikiwa sifuri kama mimi wakumbuke kwamba muda wa kuomba ni miaka 3 tangu mtu agundue kosa, kwa hiyo msiiache karatasi yenu ilale kabatini. Aliyewahi kushinda au kushindwa mbele ya bodi hiyo kwa suala la shahada ya ziada ya daktari, naomba aeleze hapa ni vielelezo gani aliviambatisha na bodi ilijibu nini.