Boti ya tanga ya 1976 iko Kilifi, mimi niko South B, Nairobi. Ninunue?

MtotoWaDam

Wadau, naombeni ushauri kabla sijatoa pesa ambayo mama watoto anajua ni ya mabati.

Nimekulia South B. Babangu alikuwa akituambia kwamba zamani watu walikwenda kwa tanga pale Nairobi Dam. Sisi tulimwona mwongo, maana tulichokiona ni gugumaji tupu. Nadhani ugonjwa ulianzia hapo. Mwaka juzi rafiki akanifundisha tanga kule Naivasha, kwa kimashua cha watu wawili, na tangu hapo sijapona.

Sasa kuna mzee Mwingereza anauza Westerly Centaur, futi 26, ya faibaglasi, iliyoundwa 1976. Imetia nanga kwenye hori la Kilifi. Ina mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya boti), jiko la gesi na injini ya Yanmar ya silinda mbili. Anataka milioni 1.3. Nimeshuka na SGR wikendi iliyopita, nikaipanda. Ndani inanuka dizeli na magodoro yaliyolala. Nilipokanyaga karibu na mlingoti, sitaha ilibonyea kidogo, kama mkeka juu ya mchanga. Mzee akasema, "Imekuwa hivyo tangu niinunue."

Nataka kuipeleka familia Lamu Desemba. Nitazame nini? Na mkaguzi wa kulipwa ni lazima?

MjukuuWaNahodha

Kaka, Desemba panda basi. Kaskazi ikishaingia itakuvumia usoni njia nzima, na kutoka Kilifi hadi Lamu ni kama maili 100 za bahari. Boti hiyo ikikupa maili nne kwa saa kwa upepo mzuri, ni mchana mzima na usiku wake. Ukienda joshi, yaani kwa kuupinga upepo, zidisha, halafu uwahesabu watoto wanaotapika. Watu huenda Lamu kwa kusi, mkondo nao unawasukuma, na hurudi kaskazi ikianza. Babu yangu hakuwahi kuona kalenda ya likizo za shule.

Tuje kwenye boti. Una bahati moja kubwa: mikuku miwili. Hiyo husimama wima yenyewe maji yakikupwa, kwa hiyo huhitaji winchi wala gati. Subiri bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa hupita mita tatu. Mwambie mzee aipandishe kwenye mchanga maji yakiwa bado marefu.

Maji yakianza kuiacha, wewe usiwe nje unapiga picha. Kaa ndani, inua mbao za sakafu, shika tochi, utazame bolti za mikuku. Uzito ukiikalia, mikuku hutaka kutanuka kama miguu ya ndama. Ukiona faiba inajikunja kando ya bolti, au maji ya kutu yanachuruzika, hapo pana kazi ya mamilioni. Bodi ikiwa ngumu, kimya, shuka nje.

Nje tafuta malengelenge. Toboa moja, kwa ruhusa. Kikitoka kimaji cha utelezi chenye harufu ya siki, faiba imekunywa maji. Hilo halizamishi boti, lakini linashusha bei. Kwangura valvu za chini kwa kisu: zikiwa za manjano, sawa. Zikigeuka rangi ya waridi, zinki imeliwa, na siku moja valvu itakukatikia mkononi.

Hiyo sitaha ndiyo inayonikera. Mlingoti wa boti hiyo umesimama juu ya sitaha, haukushuka hadi chini. Pakibonyea pale, nyaya zinalegea, na nyaya ndizo zinazoushika mlingoti. Uliza zilibadilishwa lini. Zikipita miaka kumi, kumi na mitano kwenye joto na chumvi yetu, zihesabu kama hazipo. Zinaweza kung'aa nje huku zimepasuka ndani ya kikombe cha chuma kinachoshika ncha ya waya, pasipoonekana.

Mkaguzi mlipe, lakini baada ya hayo. Usimlipe akuambie ulichoweza kuona bure.

NilinunuaMtwapa

Mwenzangu kasema ya bodi, mimi nitasema ya makaratasi, maana huko ndiko nilikonyolewa bila maji.

Boti ya Mwingereza huenda ina namba ya SSR, daftari la Uingereza la vyombo vidogo. Hiyo si hati ya umiliki, na ukiinunua wewe mkazi wa Kenya haikufai tena. Dai hati za mauziano za nyuma zote, kisha uliza: ushuru ulilipwa? Kama iliingia kwa kibali cha mgeni, siku inapogeuka yako KRA, watu wa kodi, wanataka ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Mimi dalali aliniambia "hiyo tutaona mbele". Mbele niliiona peke yangu. Usajili wa hapa uko kwa Kenya Maritime Authority, nenda ukaulize kabla, si baada.

Halafu umbali. Nilikuwa nikimlipa mlinzi kila mwezi, ananitumia picha. Masika moja betri ikafa, pampu ya ngama, ile ya kutoa maji ya chini ya boti, ikanyamaza. Nilipofika magodoro yalikuwa yanaelea, na friji imejaa kaa wadogo. Picha za mlinzi? Zote zilikuwa za siku moja, shati lile lile.

MtotoWaDam

Hiyo ya shati imeniuma. Nimempigia mzee: nyaya anasema ni za 2004, na ushuru "alidhani" ulilipwa. Nimemwambia nitakuja bamvua ijayo na nitatoa laki sita, hati zikiwepo. Hakukata simu.

Swali la mwisho kwa Mjukuu: kugonga sitaha nibebe nyundo ya mpira au ya plastiki?

MjukuuWaNahodha

Beba bisibisi, ugonge kwa mpini. Penye uzima palie "ko", palipooza palie "du". Ukija na nyundo mzee atakutosa majini.