Nimepanda jani lenye manjano, mche umetoka kijani kitupu. Hii ni nakala ya nini?

Mchomeka_Majani:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, katikati kijani chenye mabaka, pembeni mstari wa manjano. Jani moja nililikata vipande vitano, nikavichomeka mchangani, upande wa chini chini (ukikigeuza hakitoi mizizi, hilo nilijifunza kwa machozi).

Miezi miwili na ushee kimya. Kisha ncha ikachomoza ubavuni mwa kipande kimoja, kijani. Nikajisemea manjano yatafuata. Leo mche una majani matatu na hakuna hata uzi wa manjano! Vyote vitano vivyo hivyo, na vipande nilivyovichomeka bado vina manjano yao.

Darasani tuliambiwa uzazi usio wa kijinsia hauna kuchanganya jeni, mtoto ni mama mtupu. Sasa huyu kafanana na nani?

Jongoo77:
Mwanga mdogo huo mkuu. Sogeza dirishani.

Mchomeka_Majani:
Yuko dirishani, sufuria moja na mama yake. Mama manjano yanang'aa.

Bi_Hadubini:
Mwanga unasingiziwa. Mwalimu wako hakukudanganya, ila wewe unadhani mama ni mmoja. Hao ni wawili wanaoishi ndani ya ngozi moja.

Zamani, kwenye ncha ya kukua ya mmea wa aina hiyo, seli moja ilipata badiliko la jeni ikashindwa kutengeneza klorofili. Ikajigawa, na watoto wake wakajigawa, ukawa ukoo. Ncha ya mmea imepangwa kwa matabaka, kila tabaka linazaa la kwake, kwa hiyo koo hizo mbili zinakua bega kwa bega bila kuchanganyika: wenye klorofili ndani, wasio nayo pembeni. Mstari wako wa manjano ndio huo. Mmea wa namna hii huitwa kimera.

Sasa angalia ulichofanya. Kipande cha jani hakina ncha ya kukua, kwa hiyo kinalazimika kuitengeneza upya kwa seli chache za ndani, karibu na pale ulipokata. Hizo ni za ukoo wa kijani, na mche wote unatokana nazo. Ni nakala, tena nakala aminifu kabisa, ila ya nusu moja ya mama. Na hata kingetoka cha manjano matupu usingefurahi nacho: bila klorofili hakijitengenezei chakula, kikishamaliza akiba ya jani kinakwisha.

Ukitaka mistari, acha majani. Fukua, tafuta shina linalotambaa chini ya udongo, ukate sehemu yenye chipukizi. Chipukizi hilo limeota likiwa na matabaka yote.

Mchomeka_Majani:
Mwalimu, shikamoo. Kwa hiyo njia ni mbili, na zote tunaziita uzazi usio wa kijinsia?

Bi_Hadubini:
Marahaba. Ndiyo, na hata wanyama wanayo ile ya pili. Niliwahi kumtazama haidra wa kijani, mnyama mdogo sana wa majini, kwa hadubini. Mwili wake ni mrija wa tabaka mbili za seli, na ukijani ni wa miani, viumbe vidogo vya kijani wanaoishi ndani ya seli za tabaka la ndani. Ubavuni palivimba kitu kama chunusi. Baadaye uvimbe ukawa na mdomo na minyiri, ungali umeshikana na mama. Mama hakuchagua seli moja; ukuta mzima ulisukumwa nje, tabaka zote mbili, miani wakiwemo. Ndiyo maana mtoto alibanduka akiwa kijani tayari.

Kenge_Mpole:
Niongezee bila kupotosha mada. Kukosa baba pia si lazima kutoe nakala. Mwaka 2006 Flora, jike wa mjusi wa Komodo kwenye Chester Zoo, Uingereza, alitaga mayai yenye viinitete ilhali hajakutana na dume. Yalipoanguliwa, wote madume! Jike wa Komodo ana kromosomu za jinsia Z na W. Yai linabeba moja tu, na hapo likajirudufu lenyewe: ZZ ni dume, WW haikui. Mama jike, watoto madume, na dume hakuwepo.

Jongoo77:
Narudisha kauli yangu ya dirisha.

Mchomeka_Majani:
Wakuu, nimefukua leo. Shina nene kama kidole gumba, rangi ya chungwa iliyopauka, na mwishoni chipukizi lililochongoka kama mwiba. Nilipofungua kidogo ganda la nje kwa ukucha, jani la kwanza halikuwa limefika hata urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Pembeni kuna mstari wa manjano, mwembamba kama uzi.


Ile mitano ya kijani nimeihamishia sufuria yake.