Daktari ameruhusu mama aende nyumbani, mbona kitanda bado kinalipiwa?

Wadau leo nimejaa mpaka hapa kooni, mnivumilie. Mama yangu alitolewa kibofu cha nyongo kwa hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Operesheni ikaenda vizuri, madaktari na manesi sina neno nao kabisa, Mungu awabariki. Shida ni ofisi ya bili.

Daktari alipita wadi asubuhi, akaangalia kidonda, akasema huyu aende nyumbani, akaandika na dawa. Nguo tumeshapanga kwa begi. Alafu ndio tunaambiwa bili haijafungwa, SHA, ile bima ya afya ya serikali, hawajaapruvu malipo, tungoje. Tukangoja mpaka watu wa ofisi wakafunga wakaenda zao, kesho yake hivyo hivyo, na kila usiku mama akilala hapo kitanda kinahesabiwa, unesi unahesabiwa, hata chakula. Mama wa watu amekaa tu, hana dripu hana sindano, anangoja karatasi, na huko kungoja ndio tunauziwa!! Kwani aliyechelewesha hiyo apruvo ni mgonjwa?

Na msiniambie ati tungejisajili SHA. Mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kabla sijaugusa, na vile mzazi haingii kwa kava yangu, mama nimemlipia yake kando, mwaka mzima mbele. SHA kwa kitanda cha level 4, ngazi ya hospitali kama hii, wanatoa shilingi 3,360 kwa siku. Hawa wanachaji zaidi ya hiyo mara tatu, na hiyo tofauti hakuna mtu alitutajia siku ya kulazwa, siku hiyo walitaka diposti tu na saini.

Sasa bili yenyewe. Kuna mahali pameandikwa "vifaa vya wadi" 18,400, basi, hakuna kingine. Vifaa gani? Glavu? Bandeji? Nikauliza nikaambiwa ndio venye sistimu inatoa. Sistimu imeingizwa na mtu, huyo mtu aje aniambie aliingiza nini. Daktari wa usingizi naye bili yake ikaja peke yake, baada ya sisi kudhani tumemaliza.

Kilichonimaliza ni kurudi kutoa nyuzi. Daktari ni yule yule, kidonda ni kile kile, tukalipishwa pesa ya kumuona daktari kama wagonjwa wapya, alafu bandeji ikalipiwa kando. Nyuzi aliweka yeye, alidhani nani atatoa? Nilichanga pesa ya operesheni na ndugu zangu mpaka wa kijijini wakauza kuku, na hakuna aliyesema kuna operesheni ya kuweka na ingine ya kutoa.

Tena pale kwa dirisha wakaanza kunitisha ati mgonjwa hatoki mpaka salio liishe. Mahakama Kuu ilishaamua 2015, kwa kesi ya wale kina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini juu ya deni ni kinyume cha katiba. Nilipowatajia hiyo sauti ikashuka kidogo, tukapewa fomu ya kulipa polepole. Kumbe fomu ilikuwepo siku zote!

Nimeandika barua nataka bili yote kitu kwa kitu, na zile siku za kungoja zitolewe. Wasiponijibu napeleka malalamiko KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari na hospitali. Kama kuna mtu hapa alishawahi kurudishiwa pesa za kitanda cha kungoja apruvo, aniambie alianzia ofisi gani na alibeba karatasi zipi.