Mrejesho: kadi ya Wi-Fi kwenye laptopu yangu imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini laptopu yangu yenye prosesa ya AMD haioni kabisa kadi mpya ya Intel AX211. Aliyeniambia nichunguze aina ya kadi, Mungu ambariki. AX211 inatumia CNVio2, njia ya kuunganisha ya Intel yenyewe, yaani sehemu ya kazi yake inafanywa na prosesa au chipuseti ya Intel. Kwenye AMD haiamki, hata ushinde unasakinisha draiva.

Nikazunguka mjini Mwanza nikapata AX210, inayotumia PCIe, njia ya kawaida ya kuunganisha vifaa ambayo AMD pia inayo. Kuifunga ni skrubu moja. Kazi ipo kwenye nyaya mbili za antena: vichwa vyake ni vidogo kama punje za mtama, ukikandamiza kabla havijakaa sawa vinapinda. Nilivishusha taratibu kwa ukucha mpaka vikalia tik. Betri nilishaichomoa kwanza, tafadhali msiruke hapo.

Ubuntu yangu (mfumo endeshi wa Linux) ilikuwa na keneli, yaani kiini cha mfumo, toleo 5.4, Wi-Fi ikagoma. AX210 inataka 5.10 kwenda juu. Nikachomeka kebo ya mtandao, nikapandisha toleo la keneli. Sasa nipo barazani hapa Kirumba, ruta iko chumbani, na mtandao haukatiki. Asanteni sana.